Muulize Mwalimu wa Kibokoni: "Mombasa Naijua," Asema Mume Wangu

Mwezi huu barua zimezidi nafasi. Mbili kati yake zimetoka nyumba moja, zimepishana siku sita, na nadhani wenyewe hawajaambiana. Nimezichapisha zote. Katikati yake nimemweka kijana wa tuktuk ili wasigombane.

*Mwalimu, shikamoo. Naandika kutoka Arusha. Mimi na mzee tumetimiza miaka 35 ya ndoa, na watoto wetu watatu wamechanga wakatulipia safari ya meli ya kitalii. Tutapandia Durban, anakofanya kazi binti yetu, meli isimame Unguja, ije Mombasa, kisha iende zake Shelisheli. Hapo Mombasa meli itafunga gati Jumanne moja ya mwezi wa kwanza, saa moja asubuhi, na abiria wote wanatakiwa wawe wamerudi ndani saa kumi na moja jioni. Ugomvi wetu ni hizo saa kumi. Mimi sijawahi kufika Mombasa. Mzee alikuwa dereva wa lori miaka 22, akibeba mizigo ya bandarini kwenu, na kila nikiutaja mji huo ananijibu, "Mombasa naijua, hamna kitu, joto na foleni tu." Anataka tuchukue ziara ya meli ya kwenda Tsavo kuona tembo. Mwalimu, sisi tunatoka Arusha! Tembo tumewaona Tarangire nikiwa na mtoto mgongoni. Nimfanyeje? Na akikubali tubaki mjini, twende wapi, tule nini, na turudi vipi kabla meli haijatuacha?*
*Mama wa Watatu, Arusha*

Marahaba, dada. Nimecheka peke yangu hadi mjukuu akaja kuchungulia.

Tumuulize shemeji swali moja: Mombasa anayoijua ni ipi? Dereva wa lori kutoka Tanzania alilala Changamwe, akanywa chai Jomvu, akangoja kontena siku tatu, akapakia, akapimwa mzani Mariakani, akaenda zake. Changamwe si kisiwani, dada. Ni bara, ng'ambo ya Makupa. Hata kama alivuka akaingia Shimanzi kupakia, alikuwa bado uani. Mtu aliyeingia kwa mlango wa jikoni miaka 22 hawezi kutusimulia sebule. Lakini usimwambie haijui Mombasa, maana madereva hawapendi kuambiwa hawajui njia. Mwambie umesikia kuna Mombasa lori haliingii, yenye vichochoro ambamo mikokoteni miwili ikikutana, mmoja hurudi kinyumenyume. Huo si uongo. Ndimo ninamoishi.

Kisha mwonyeshe njia ya hiyo ziara. Kutoka hapa hadi Voi ni kama kilomita 160, na lango la Bachuma la mbuga ya Tsavo Mashariki liko kabla ya hapo. Makupa, Changamwe, Mariakani, mbele kwa mbele. Barabara ni ileile! Watoto wamechanga fedha zao ili baba yao arudi kula vumbi la barabara aliyoila maisha yake yote, safari hii akiwa abiria nyuma ya malori ya wenzake. Tembo wa Tsavo ni wazuri, sikatai, udongo wa kule umewapaka wekundu kama waliopakwa hina. Lakini kati ya kushuka melini, kukusanywa, kuhesabiwa, kwenda, na kurudishwa kabla ya saa kumi na moja, mtakaa na hao tembo muda wa kumaliza soda.

Nimpe haki yake kwa jambo moja. Ziara iliyopangwa na meli yenyewe ikichelewa, meli kwa kawaida huisubiri. Mkitoka kivyenu, haimsubiri mtu. Itang'oa nanga, nanyi mtaifuata bandari inayofuata kwa gharama zenu, na inayofuata ni Shelisheli, ambako lori la shemeji halifiki. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kushuka, tazameni saa iliyo ukutani melini. Meli nyingine huenda kwa saa yake, si saa ya nchi. Shemeji avae saa ya mkono iliyofuatishwa na ile ya meli, wala asiamini simu, maana simu hujibadilisha yenyewe ikishika mtandao wa nchi kavu. Wekeni ahadi ya kuwa langoni saa kumi kamili. Chukueni kadi za meli na nakala ya pasipoti. Pasipoti zenyewe zikae zinapokaa.

Sasa msimamo wangu, na kuna watakaonipinga: msivuke daraja lolote. Si la Nyali, si Makupa, wala msishike kivuko cha Likoni. Mtaambiwa mwende Haller Park kule Bamburi, machimbo ya saruji yaliyoanza kugeuzwa msitu mwaka 1971. Pazuri sana, nimewapeleka wanafunzi mara nyingi. Lakini daraja la Nyali likifunga mchana, mtu hufa na kuoza ndani ya matatu. Huko mje siku nyingine kwa basi, mlale. Siku ya meli, kisiwa kinatosha, na kisiwani kwenyewe si chote.

Mkishuka, msijaribu kutembea kwa miguu ndani ya bandari, ni mahali pa malori na winchi. Pandeni gari hadi nje ya lango, hapo mchukue tuktuk, mkubaliane nauli kabla hamjakaa. Shilingi yetu ni nzito kuliko yenu kwa mbali. Mtu akikwambia "mia tatu" usifurahi kama uko Kariakoo. Tuktuk itawapitisha Barabara ya Moi chini ya yale mapembe makubwa ya ndovu. Pigeni picha mkiwa ndani, msishuke. Ni bati la alumini, na jua la kaskazi halina huruma hata saa mbili asubuhi.

Shukeni Mji wa Kale mkiwa na njaa. Nawajua nyie, mtakuwa mmekula melini saa kumi na mbili kwa kuwa ni bure. Jizuieni! Kunyweni chai tu. Kule kwetu asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Usije ukamwambia muuzaji "nipe maandazi", atakupa, ila atakutazama. Hamri lina hiliki na nazi, limeumuka, ukilipasua ndani ni tupu kama mfuko, na mbaazi zake zimepikwa usiku hadi tui limekaza. Tafuteni mahali penye watu wanaokwenda kazini, kaeni kwenye fomu, yaani benchi, agizeni sahani moja mara mbili.

Fort Jesus hufunguliwa saa mbili. Bei ni za aina tatu: mwananchi, wa Afrika Mashariki, na mgeni wa mbali. Nyie ni wa kati, kwa hiyo toeni ile nakala ya pasipoti kabla karani hajawasikia mkizungumza Kiingereza. Humo ndani ndimo nilipomaliza sauti yangu, kila mwaka na darasa la sita, na kila mwaka kuna mtoto mmoja niliyempoteza kwenye handaki. Mwambie shemeji hivi. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani wakaja kuizingira Machi 1696, wakakaa nje miezi 33. Waliokuwa ndani walifanya kazi moja ambayo yeye anaijua vizuri: kungoja mzigo. Walingoja meli za Goa, makao yao kule Bara Hindi. Wareno wakafa kwa maradhi hadi ikafika wakati aliyeshika uongozi mle ndani ni Bwana Daud wa Faza, Mswahili mwenzetu, jina ambalo waongoza watalii wengi hulisahau. Mwaka 1697 ikafika merikebu Santo António de Tanná, ikazama papo hapo mbele ya ngome. Wapiga mbizi waliichimbua kuanzia 1977 hadi 1980, na vyombo vyake utaviona vimepangwa kwenye makumbusho. Ngome ikaanguka Desemba 1698. Siku chache baadaye msaada kutoka Goa ukatokea baharini, wakaona bendera si yao, wakageuza. Dereva yeyote aliyewahi kufika bohari imefungwa dakika tano zilizopita atasimama hapo akatikisa kichwa.

Waingereza nao waliifanya jela, 1895 hadi 1958. Michoro ya mabaharia Wareno bado iko ukutani: merikebu, misalaba, samaki. Saa moja na nusu yatosha.

Kutoka hapo ndipo nasema mtengane.

Ndiyo, mtengane, miaka 35 mmekaa pamoja, saa mbili hazitawaua. Nitakwambia kwa nini. Nilipoolewa, mimi na marehemu tulikwenda Unguja kwa meli, tukawa na siku moja nchi kavu. Yeye alitaka tuone kila kitu. Ngome Kongwe, Beit al-Ajaib, kanisa la Mkunazini, sokoni Darajani, mbio mbio, mimi nyuma. Pale Darajani ukanda wa kiatu changu ukakatika. Akaingia kwenye lile zogo, akarudi na kandambili mpya kabisa, zimefungwa kwa uzi. Tulipozifungua kivukoni tukakuta zote za mguu wa kushoto. Nimerudi Mombasa na miguu miwili ya kushoto, sizungumzi naye. Ngome Kongwe ukiniuliza ilikuwa na rangi gani sikujibu. Zile kandambili ninazo hadi leo.

Kwa hiyo wewe, dada, shika Ndia Kuu taratibu. ("Ndia" ni njia kwa Kimvita, usidhani ni kosa la kibao.) Tazama milango ya nakshi na roshani za mbao, ila usiwapige watu picha bila kuwaomba, na jitande mtandio, si kwa sheria, kwa adabu tu. Sambamba nayo iko barabara ya Mbarak Hinawy, aliyekuwa Liwali wa Pwani, na huko utaupita Msikiti wa Mandhry wenye mnara mweupe uliochongoka kama ncha ya penseli. Tarehe inayotajwa ni 1570, maana yake ulikuwepo ngome haijawekewa jiwe la kwanza. Mbele kidogo ni bandari ya kale, ya majahazi. Mwezi wa kwanza ni kaskazi, pepo zilizokuwa zikiyaleta kutoka Arabuni. Siku hizi ni machache, lakini harufu ya pale haijahama.

Halafu tuktuk hadi Biashara Street. Hapo sahau neno khanga. Kwetu ni leso, na duka zima litakuelewa ukisema "doti ya leso". Tazama pindo, tazama mji, yaani pale katikati, kisha soma jina lake, yale maandishi, kwa sauti kabla hujalipa. Nina rafiki aliyemnunulia mama mkwe leso kwa rangi, akaja kusoma jina lake harusini, mbele za watu. Doti huja imeungana, inataka kukatwa na kupindwa. Wako mafundi wenye cherehani nje ya maduka, mpe, ngoja kidogo, utatoka nayo tayari. Soko la Marikiti liko hatua chache, hiliki nzima na ya unga, mdalasini, binzari. Nunua vilivyokauka na kufungwa. Matunda na chakula kibichi meli nyingi hukunyang'anya ngazini, na makombe ya baharini au matumbawe msiguse kabisa, ni kesi. Mifuko ya plastiki mnajua wenyewe, huku ilipigwa marufuku 2017 na kwenu 2019.

Chakula cha mchana mkutane. Saa saba. Samaki wa kupaka na wali wa nazi, au biriani kama mmebarikiwa tumbo. Mkiletewa pilipili ya ukwaju, onjeni kwa ncha ya kijiko. Baada ya hapo madafu, na msiongeze kituo kingine.

*Mwalimu, mimi ni dereva wa tuktuk Mwembe Tayari. Meli ya watalii ikija sisi hatupati kitu. Wanatoka na mabasi yao, wachache wanaotoka wenyewe wananigombeza bei. Juzi mzee mmoja wa kizungu alishuka katikati ya safari akasema mimi mwongo. Nilimwambia tu ile pembe ya ndovu ni ya ndovu wa kweli na Vasco da Gama alilala Fort Jesus. Nifanyeje nipate wateja?*
*Dereva, Mwembe Tayari*

Mwanangu, huyo mzee hakukosea.

Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498, hakupatana na wenyeji, akaenda zake Malindi. Ngome ilianza kujengwa miaka 95 baada ya hapo. Angelala wapi, juu ya matumbawe? Mapembe nayo uguse kwa ukucha uone kama hayalii bati. Wageni wa meli wamesoma kijitabu usiku mzima, hawana kazi nyingine kule baharini. Mtu akikukamata na uongo mmoja mdogo, hata bei yako ya haki ataiona ya uongo.

Fanya mawili. Andika nauli zako kwenye kadibodi, kwa kalamu nene, uitundike mbele: langoni hadi Fort Jesus, Fort Jesus hadi Biashara Street, kungoja saa moja. Iwe ileile kwa Mzungu na kwa mama wa Kisauni. Najua utasema wenzako watakucheka. Wacheke, wewe utakuwa njiani.

La pili, jifunze hadithi tatu za kweli na uzijue kama jina lako. Bwana Daud wa Faza nimekupa hapo juu bure. Nyingine kamwulize mzee yeyote anayekunywa kahawa karibu na bandari ya kale, atakupa kumi, saba uzichuje. Na ukimpeleka mgeni Likoni, mwambie asipige picha kivukoni, askari watamsumbua na wewe utapoteza saa nzima ukimtetea.

Kuna wanandoa wa Arusha wanakuja mwezi wa kwanza, Jumanne. Mzee atakuwa anatazama matairi yako kabla hajapanda. Huyo usimdanganye kitu chochote kuhusu barabara.

*Mwalimu, najua mke wangu amekuandikia, nimeona amenunua stempu. Bila shaka ameniandika vibaya. Mimi siikatai Mombasa. Nina goti la kushoto. Ni la klachi, miaka 22. Likipata joto na ngazi linafunga, nasimama kama nguzo. Ziara ya Tsavo mtu anakaa ndani ya gari siku nzima, hakuna atakayejua. Mjini nitashindwa, na yeye namfahamu, ataacha kuangalia mji aanze kuniangalia mimi. Hiyo safari watoto wamemlipia yeye. Je, kuna mahali pa kukaa? Usimwambie.*
*Dereva Mstaafu, Arusha*

Shemeji, "usimwambie" umeiandika kwenye barua ya gazeti. Nadhani ulijua.

Nilipopata barua yako nilikuwa nimeshamaliza kumjibu mkeo, na sikubadilisha hata neno, kwa sababu kumbe nilikuwa nakupangia wewe bila kujua. Nilichosema kuhusu kutengana, kichukue. Yeye aende na miguu yake, wewe ukae.

Mji wa Kale ni mji wa kukaa. Kila nyumba ya haki ina baraza ya mawe nje, imejengwa kwa ajili ya makalio ya wanaume wa umri wako. Toa salamu, "salaam aleikum", kaa. Hakuna atakayekuuliza unangoja nini. Alasiri kahawa tungu huja kwa dele, lile birika lake, moto chini, vikombe vidogo vya finjani, na kipande cha halua au kashata. Asubuhi pia utaipata ukiuliza. Ukisema tu kwamba uliendesha lori Voi hadi Taveta kabla ya lami, watakuzunguka. Mimi nina jirani ambaye hadi leo anabishana kuhusu barabara ile na hajawahi kuipita.

Kuhusu Fort Jesus: mlangoni kuna mwinuko mfupi, uchukue polepole, ukishaingia uani ni tambarare na kuna vivuli. Jumba la makumbusho li pale pale uani, vyombo vya ile merikebu iliyozama utaviona bila kupanda kitu. Ngazi ni za kwenda juu ya kuta. Hizo muache mkeo apande, akupigie picha ya bahari, na ukiulizwa kwa nini hupandi, sema unalinda mkoba. Mume wangu alilinda mikoba miaka mingi.

Ndia Kuu tuktuk hupita, kwa hiyo hamna haja ya kutembea hata hapo. Yule kijana wa Mwembe Tayari mkodi kwa saa, si kwa safari. Itakuwa nafuu, na kila goti likifunga gari liko pale. Wakati dada yuko Biashara Street msimfuate dukani. Kwenye maduka ya leso mwanaume hana kiti. Baada ya chakula, saa nane na nusu, mwende Mama Ngina, ile ya ufukweni iliyotengenezwa upya 2019 (nilimwambia dada msiongeze kituo, ila hiki ni cha kukaa tu). Pana viti vya kutosha, mibuyu mikubwa, upepo wa bahari, na mihogo ya kuchoma ya pilipili na ndimu. Hapo kaeni wote wawili hadi saa tisa na nusu. Ndipo kwenye mlango wa bahari wa Kilindini, meli zote kubwa hupita karibu kiasi cha kuwaona watu wake. Kontena zako zote za miaka 22 zimepita hapo, na nadhani hukuwahi kuziona zikiingia.

Na goti mwambie mwenyewe, kabla ya Durban. Meli nayo ina ngazi.

Jumanne hiyo nitawaleta wajukuu pale pale Mama Ngina, wao hupenda kupungia meli. Mtakapokuwa mnatoka, kiasi cha saa kumi na mbili na kitu, mtaona vivuko vya Likoni vimesimama pande zote mbili, vimejaa malori na watu, vinangoja nyie mpite. Kisiwa kitakuwa mkono wenu wa kushoto mkitazama omo, mbele ya meli. Pandeni juu mapema mpate viti, upande huo hujaa. Mimi nitakuwa chini ya mbuyu wa mwisho kuelekea mnara wa taa, nina leso ya njano, na wajukuu wanne wanaopiga kelele.